Jinsi ya Kupata Kikao cha Kuacha Pombe na Kuingia Ndani: Mwongozo Kamili

Kupata anwani ya kikao cha watu wanaoacha pombe ni kazi ya nusu saa ukiwa na simu yenye intaneti. Kinachowashinda wengi ni kile kipande kilichobaki kati ya anwani na mlango. Mtu ameshaihifadhi namba, siku anaijua, saa anaijua, na kila Jumatatu anajiambia kwamba wiki hii ina mambo mengi, ataenda ijayo. Ndiyo maana hapa nitapita haraka kwenye kutafuta na kutulia kwenye kuingia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usianze kwa kutafuta kikundi bora. Tafuta kikao kinachofanyika mapema zaidi ambacho unaweza kukifikia. Kuchagua kutakuja baadaye, ukiwa tayari umeshakaa na watu.

Mwili kwanza

Kama unakunywa kila siku, au asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako ili eti ufike kikaoni ukiwa safi. Pombe ni miongoni mwa vilevi vichache ambavyo kuviacha kwa mkupuo kunaweza kuua. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi huanza muda wa saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege inaweza kutokea ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi ya watu huchanganyikiwa, huona vitu ambavyo havipo, hupata homa na moyo kwenda mbio. Huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, si wa kuombewa nyumbani akilala.

Kwa hiyo nenda kwa daktari kwanza, au siku hiyohiyo ya kikao, na umwambie kiasi halisi unachokunywa. Watu hupunguza nusu wanapomjibu daktari, kisha dawa wanayopewa inapungua vilevile. Anaweza kukupa dawa za kutuliza kwa siku chache pamoja na vitamini B1, ambayo mwili wa mnywaji wa muda mrefu mara nyingi huikosa. Muulize pia kuhusu naltreksoni na akamprosati, dawa zinazowasaidia baadhi ya watu kutorudia pombe. Kutumia dawa hakukuzuii kuhudhuria kikundi, na anayekwambia kikaoni uache dawa ulizoandikiwa hana mamlaka hayo.

"Lakini mimi si mlevi wa kiasi hicho"

Sentensi hii imewarudisha watu wengi nyumbani kuliko umbali wa njia. Mtu anaenda kazini, analipa ada za watoto, hajawahi kulala mtaroni, basi anaona vikao ni vya wengine. Sharti la kujiunga na AA, yaani Alcoholics Anonymous (walevi wasiotajwa majina), kikundi kikongwe kuliko vingi, ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hakuna kipimo cha uharibifu unaotakiwa kuufikisha kwanza. Hakuna fomu.

Ukitaka kipimo hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lina dodoso linaloitwa AUDIT. Lina maswali 10 na alama zake huishia 40. Kuanzia alama 8 unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari. Kuanzia 20, uraibu unashukiwa na inafaa uonane na mtaalamu. Lijibu ukiwa peke yako, bila mwenzi wako kuchungulia begani, maana majibu hubadilika mtu akitazamwa.

Vikundi vilivyopo

AA ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, Marekani, pale dalali wa hisa Bill Wilson alipokutana na daktari wa upasuaji Bob Smith, wote wawili wameshindwa na chupa. Walichogundua ni kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nafuu. Leo vikundi vyake viko katika nchi zipatazo 180. Hufuata Hatua Kumi na Mbili, na hatua hizo zinamtaja Mungu, au nguvu iliyo kuu kuliko sisi, kila mtu kwa namna anavyoielewa mwenyewe. Vikao havina ada. Kikapu hupitishwa, na mgeni hatarajiwi kutoa chochote.

SMART Recovery ilianza mwaka 1994, pia Marekani. Humo hakuna habari za Mungu wala mdhamini, yule mwanachama wa muda mrefu ambaye kwenye AA humwongoza mgeni. Mwezeshaji aliyepata mafunzo huongoza mazoezi ya kukabili hamu ya kunywa, kudhibiti fikra na hisia, kujenga ari na kuishi maisha yenye uwiano. Kikao chake hufanana na darasa dogo lenye mazungumzo, na watu hujibizana waziwazi.

Kuna Msalaba wa Buluu, harakati ya Kikristo iliyoanzia Uswisi mwaka 1877. Kuna Women for Sobriety kwa ajili ya wanawake, LifeRing kwa wasiotaka dini kabisa, na Recovery Dharma inayotumia mafundisho ya Kibudha. Hospitali na vituo vya tiba ya uraibu navyo huwa na vikundi vyao, ambavyo mara nyingi havionekani kwenye orodha yoyote ya mtandaoni.

Kipi kinafanya kazi? Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichambua tafiti 27 zenye watu 10,565. Uliona kwamba AA, pamoja na tiba za kitaalamu zinazomwelekeza mgonjwa huko, ziliwasaidia watu wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine walizolinganisha nazo, kama vile tiba ya kubadili fikra na tabia. Kwenye vipimo vingine matokeo yalikaribiana. Mimi naisoma hivi: kama AA ndiyo iliyopo karibu nawe, usiidharau kwa sababu haina daktari chumbani, na kama lugha ya Mungu inakukera, usiitumie kama kisingizio cha kukaa nyumbani, kwa kuwa milango mingine ipo.

Pa kutafutia

Anza na tovuti ya aa.org, ambayo ina ukurasa wa kukuelekeza kwenye ofisi ya AA iliyo karibu nawe. Programu ya simu iitwayo Meeting Guide ni ya bure, nayo huonyesha vikao vilivyo jirani na mahali ulipo. Ila huonyesha vile tu ambavyo ofisi za AA zimeviingiza. Ukiona ramani tupu usihitimishe kwamba hakuna kitu. SMART Recovery, Msalaba wa Buluu na wengineo wana orodha zao kwenye tovuti zao.

Kisha piga hodi kwa watu. Muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, mshauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini: hawa hujua vikao ambavyo havina tovuti. Waulize swali la moja kwa moja: "Kuna kikundi chochote cha watu wanaoacha pombe hapa karibu, na nani anakisimamia?" Ukiuliza kwa kuzungukazunguka utapewa mawaidha badala ya anwani.

Orodha ukishaipata, isome vizuri. Kikao cha wazi huruhusu mtu yeyote, hata ndugu au rafiki anayekusindikiza. Kilichofungwa ni cha wale tu wenye nia ya kuacha kunywa, na wewe unahesabika humo tangu siku ya kwanza. Vingine ni vya msemaji mmoja kusimulia safari yake, vingine vya majadiliano, vingine vya kusoma. Kwa mara ya kwanza napendekeza cha wazi chenye msemaji, kwa sababu utakaa usikilize tu. Angalia pia saa: orodha nyingi huandika 20:00 au 8:00 PM, na hiyo ni saa mbili usiku. Wapo waliofika chumba kitupu kwa kosa hilo tu.

Simu ya dakika tatu

Orodha huchakaa. Kikundi huhama ukumbi, msimamizi hubadili namba, kikao cha Jumanne husogezwa Alhamisi. Kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda, na upige mchana, kabla hujanywa. Kama ulimi unakuwa mzito, andika maneno kwenye karatasi uyasome:

"Habari. Nimepata namba hii kwenye orodha ya vikao. Nataka kuja kwa mara ya kwanza. Kikao cha Alhamisi bado kipo? Ni jengo lipi, mlango upi? Kuna mtu wa kunipokea?"

Jina la kwanza linatosha, na hata hilo si lazima. Swali la mlango lina uzito wake. Vikao vingi hufanyika kwenye vyumba vya nyuma vya makanisa, shule au kumbi za jamii, bila bango lolote nje, na mtu mwenye aibu akizunguka jengo mara mbili bila kuona mlango hupata sababu nzuri ya kurudi. Ukiambiwa "pita geti, zunguka upande wa kulia, mlango ulioachwa wazi, utaona viti", unatembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Aliyepokea akiwa mkali au simu isipopokelewa, piga namba inayofuata. Wengi wa wanaoshika simu hizi wanajitolea, wana kazi na familia, na wengine wamechoka tu siku hiyo. Ukipata mtu mwema mwombe jambo moja zaidi: mkutane nje dakika kumi kabla. Ombi hilo halimshangazi, kwani mara nyingi na yeye alisubiriwa hivyo.

Siku yenyewe

Panga siku ile kinyumenyume kuanzia saa ya kikao. Kama kinaanza saa kumi na mbili jioni, njia ni dakika arobaini na unataka kufika mapema, basi utoke saa kumi na moja. Nauli iwe imetengwa tangu asubuhi. Kula kabla ya kutoka, kwa kuwa njaa na hamu ya pombe ni marafiki. Chagua njia isiyopita mlangoni pa baa yako, hata kama ni ndefu zaidi. Ukitoka kazini nenda moja kwa moja, usipitie nyumbani "kubadilisha nguo tu". Nyumbani kuna kiti, kuna televisheni, na kuna sababu.

Umwambie nani? Mtu mmoja tu, asiye na maneno mengi. Kuitangazia familia nzima hukuletea shangwe kabla ya kazi, na usipoenda inakuwa aibu juu ya aibu.

Je, ukiwa umekunywa siku hiyo? Nenda, alimradi unaweza kukaa kwa utulivu. Vikundi vingi humpokea aliyekunywa na kumwomba asikilize bila kuzungumza. Usiende na pombe mfukoni, na usiendeshe gari. Kama hujui kikundi hicho kina msimamo gani, uliza kwenye ile simu.

Ndani ya chumba

Kikao huchukua saa moja, wakati mwingine saa moja na nusu. Viti mara nyingi hupangwa kwa duara. Kaa karibu na mlango ukipenda, hakuna atakayekuuliza. Msimamizi hufungua, husoma maneno machache ya utangulizi, pengine hukariri sala fupi ya kuomba utulivu, kisha huuliza kama kuna mgeni. Unaweza kuinua mkono na kutaja jina lako la kwanza, au ukanyamaza. Wengine watajitambulisha kwa jina na kusema "ni mlevi". Hulazimiki kutamka hivyo.

Zamu ya kuzungumza ikikufikia, sentensi moja yatosha: "Leo nimekuja kusikiliza." Watakushukuru na zamu itaendelea. Kwenye AA watu hawajibizani wala hawakatizani. Mtu husema yake, wengine husikiliza, basi. Mgeni huona ukimya huo ni wa ajabu. Mtu amesimulia jambo zito, halafu hakuna anayemshauri kitu! Lakini ndivyo ulivyokusudiwa: hakuna wa kumhukumu mwingine, na hakuna wa kumfundisha.

Utasikia mengine yasiyokuhusu. Huyu alipoteza nyumba, yule alifungwa, na wewe bado una kazi na afya. Akili yako itaanza kuhesabu tofauti. Iache ihesabu, ila wewe sikiliza mahali pamoja tu ambapo mtu ametaja jambo ulilodhani unalifanya wewe peke yako: kuficha chupa, kunywa kabla ya sherehe ili uonekane unakunywa kidogo mbele za watu, kuamka usiku wa manane kuangalia simu umemwandikia nani nini.

Mwishoni usikimbie. Hizo dakika kumi za kukunja viti zina faida kuliko nusu ya kikao. Hapo ndipo unapopewa namba za simu, unapoambiwa kikao kingine kiko wapi, na unapouliza lile swali ulilolionea aibu. Shika kiti kimoja ukikunje. Mikono ikiwa na kazi, maneno huja yenyewe. Ondoka na namba mbili angalau, za watu wa jinsia yako.

Kuhusu siri: yanayosemwa chumbani hubaki chumbani, na huo ndio msingi wa jina lenyewe la AA. Hata hivyo, hayo ni makubaliano ya watu, si kiapo cha mahakama. Jambo linaloweza kukupeleka polisi au kukupotezea kazi lizungumze na wakili au mshauri aliyesajiliwa.

Pasipo na kikao karibu

Vikao vya mtandaoni vipo usiku na mchana, vya video na vya sauti pekee. Ofisi ya AA ya vikao vya mtandaoni ina tovuti yake, aa-intergroup.org, unayoweza kuchuja kwa siku, lugha na aina. Saa zikiandikwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, zibadili kwanza ziwe za kwako. Kabla ya kuingia badilisha jina linaloonekana kwenye skrini, kwa kuwa programu nyingi huweka jina lako kamili bila kukuuliza. Zima kamera kama unataka, vaa spika za masikioni, na kaa mahali ambapo mtoto hatafungua mlango. Kama bando ni dogo, chagua kikao cha sauti.

Mtandao una udhaifu mmoja: kuondoka ni kubonyeza kitufe. Jiwekee sharti la kukaa mpaka mwisho, na umwandikie msimamizi ujumbe mfupi kwamba wewe ni mgeni. Kwa kawaida atakuomba ubaki kidogo baada ya kikao kufungwa.

Njia nyingine ni kuanzisha. Kwa utaratibu wa AA, watu wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi cha AA, mradi hawafungamani na taasisi nyingine. Mahitaji ni chumba, saa isiyobadilika, na mtu wa pili.

Kupima kikundi

Usikihukumu kikundi kwa kikao kimoja. Hudhuria mara nne au tano, ukiweza kwenye vikundi viwili tofauti, maana hali ya chumba hutegemea waliokuja siku hiyo. Kuchoshwa si sababu ya kuacha. Lakini zipo ishara za kuondoka papo hapo: anayedai pesa ili ubaki, anayekuuzia dawa ya mitishamba, anayekutaka kimapenzi ukiwa mgeni, anayekukataza kuonana na daktari, anayerekodi, au kiongozi mmoja asiyeulizwa swali. Ukiona hayo, hama kikundi. Usihame lengo.

Ukitulia mahali, tafuta mdhamini, yaani mtu aliyekaa bila pombe kwa muda mrefu atakayekupitisha kwenye hatua. Usimchague kwa ufasaha wake. Mchague anayepokea simu. Mwombe hivi: "Naweza kukupigia kila siku kwa wiki mbili?" Akisema yuko na shughuli nyingi, mshukuru na umuulize mwingine.

Ukiteleza ukanywa, kikao kinachofuata ndicho cha kwenda, siyo cha baada ya mwezi "ukishajirekebisha". Sema ukifika, kwa kifupi. Kama umekunywa mfululizo kwa siku kadhaa, rudi kwenye yale niliyosema kuhusu daktari kabla ya kuacha tena.

Unayemtafutia mtu mwingine

Umesoma mpaka hapa lakini mnywaji ni mume wako, mama yako, au mdogo wako. Mpe anwani moja, siku moja na saa moja, akiwa hajanywa, na ujitolee kumsindikiza kwenye kikao cha wazi. Orodha ya vikao kumi itaishia droo ya kabati. Usimwekee disulfiramu kwenye chakula kwa siri: dawa hiyo humfanya mtu augue vibaya akinywa pombe, na kumpa bila yeye kujua kunaweza kumuua.

Akikataa, wewe bado una pa kwenda. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya ndugu na marafiki wa walevi, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Lois, mke wa Bill Wilson. Alateen ni tawi lake la vijana. Vikao vyao hutafutwa kwa njia hizihizi, kwa simu ileile ya dakika tatu, na huhitaji ruhusa ya mnywaji ili uende wiki hii.